Begi la bei kwa msafiri wa Mtwara na Lindi: kulichagua, kulitunza na kulitengeneza

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi huku kwetu Kusini na kazi yake haimwachi atulie: mnunuzi wa korosho anayekimbizana na minada kuanzia Oktoba, mhandisi wa gesi wa Madimba anayeenda Dar na kurudi, mwenye duka la nguo anayefuata mzigo Dubai au Guangzhou, mkaguzi wa hesabu ambaye wiki hii yuko Nachingwea na wiki ijayo Nairobi. Mtu wa namna hiyo akinunua begi la bei poa kila linapomfia, mwisho wa siku atakuwa ametoa pesa ya begi zuri na begi lenyewe hana. Bora anunue zuri mara moja.

Lakini uzuri wa begi kwa sisi wa huku hauishii kwenye jina. Begi zuri ni lile ambalo gurudumu likivunjika Jumanne, fundi wa Mtwara anaweza kulifungua na kulirudisha barabarani kabla ya basi la alfajiri ya Alhamisi. Kituo cha matengenezo cha kampuni kiko mbali, na kusafirisha sanduku tupu kwenda nchi nyingine kunakula pesa na wiki kadhaa. Kwa hiyo kila ushauri ulio hapa chini unaanzia swali hilo: je, linafunguka?

1. Jua kinacholiua begi huku pwani

Wengi wanawalaumu wapakiaji wa viwanja vya ndege. Wana makosa yao, ila mabegi mengi ya bei ninayoyaona yakifa huku yanaanza kufa yakiwa nyumbani, juu ya kabati.

Sababu ya kwanza ni unyevu na joto. Yale magurudumu laini yasiyopiga kelele kwenye vigae huwa yamevalishwa poliyurethani, aina ya plastiki laini kama mpira. Aina nyingi za poliyurethani huliwa na unyevu wa hewani polepole, na joto huongeza kasi. Ndiyo maana begi lililokaa bila kutumika tangu masika iliyopita linaweza kuonekana jipya kabisa, halafu siku unaliburuta uwanjani linamwaga vipande vyeusi nyuma yako. Utando wa ndani ya mifuko nao ni vilevile: unaanza kunata mkononi, kisha unabanduka na kuacha unga kwenye mashati. Bitana ikifikia hapo haina dawa, inabadilishwa.

Sababu ya pili ni chumvi. Ukikaa Shangani au Mikindani unajua bati na baiskeli zinavyopata kutu. Ndani ya begi kuna vyuma vidogo vingi usivyoviona: ekseli za magurudumu, springi za mpini, skrubu, ribiti. Hatari zaidi ni pale alumini inapogusana na chuma cha kawaida penye unyevu wa chumvi, kwa sababu alumini ndiyo inayoliwa, na matundu ya ribiti yanapanuka yenyewe. Mchanga ndio wa tatu. Mtu wa Msimbati hahitaji kuelezwa mchanga unavyoingia kwenye beringi na kwenye mirija ya mpini.

2. Ukinunua, ligeuze kichwa chini kwanza

Dukani, iwe Dar, Dubai au Johannesburg, usianze na rangi. Ligeuze begi, tazama magurudumu yalivyofungwa. Ukiona vichwa vya skrubu au bolti, ni dalili njema. Ukiona ribiti tupu, au plastiki iliyochomelewa moja kwa moja, jua kwamba kulitengeneza kutahitaji msumeno. Kisha lifungue na utafute zipu ndani ya bitana, ile inayokupeleka hadi kwenye mifupa ya begi. Begi la bei lisilo na zipu hiyo limetengenezwa litupwe, hata kama limeandikwa jina gani.

Mpini uvute hadi mwisho, utikise, usikilize. Kucheza kidogo ni kawaida. Kinachotakiwa ni vituo vyake vishike bila kuteleza.

Kuhusu ganda, kuna familia nne za kuzijua. Ya kwanza ni alumini, iliyopata umaarufu kwenye masanduku kupitia Rimowa, kampuni iliyoanzishwa mjini Köln, Ujerumani, mwaka 1898, ikatoa sanduku lake la alumini mwaka 1937 na ile mistari ya matuta mwaka 1950. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoleta sanduku la polikaboneti mwaka 2000. Hiyo polikaboneti, plastiki ngumu, ndiyo familia ya pili: hujikunja na kurudi, lakini inachukia petroli, thina na asetoni. Familia ya tatu ni polipropilini, nayo ni plastiki. Samsonite, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1910, ina aina yake iliyosukwa inayoitwa Curv, nyepesi na ngumu sana. Ya nne ni kitambaa cha nailoni nzito, ile ya balistiki, iliyozoeleka kwenye mabegi ya Tumi na Briggs & Riley.

Ukiniuliza mimi, kwa mtu anayechanganya basi na ndege, chukua nailoni nzito yenye magurudumu mawili makubwa yaliyozama ndani ya mwili wa begi. Magurudumu manne yanayozunguka pande zote ni raha ya vigae. Kwenye changarawe ya stendi yanakwama, na kwa kuwa yamejitokeza nje, kigongo kimoja ndani ya buti kinayapinda. Nailoni ikichanika, fundi cherehani yeyote mwenye sindano nene anaiweza. Alumini ni nzuri na inadumu, lakini ni nzito, na ukiwa umepewa kilo 23 kila kilo ya sanduku ni kilo ya mzigo uliyoikosa.

Zipu isome. Nyuma ya kichwa chake kuna namba: 5, 8 au 10. Zipu kuu ya begi kubwa iwe 8 au 10. Namba 5 iachie mifuko ya nje. YKK, kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1934, ndiyo jina la kuliamini zaidi, na uzuri wake ni kwamba vichwa vyake vya akiba vinapatikana kirahisi.

Halafu dhamana. Soma inalipia nini. Kampuni nyingi hulipia kosa la kiwandani tu, na uharibifu wa shirika la ndege haumo. Briggs & Riley wanajulikana kwa dhamana ya maisha inayohusisha hata begi lililovunjwa na shirika la ndege. Rimowa wanatoa dhamana ya maisha kwa masanduku mapya yaliyonunuliwa tangu Julai 25, 2022, kwa upande wa utendaji. Mikwaruzo na mabonde si juu yao. Risiti ipige picha siku hiyohiyo, maana karatasi za mashine hufutika kwenye joto letu kabla dhamana haijafika mbali.

3. Kabla ya basi, kabla ya ndege

Kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, na begi lako linakaa saa zote hizo kwenye buti pamoja na ndoo za samaki, magunia na majenereta. Livalishe mfuko wa kitambaa kizito. Fundi cherehani atakushonea kwa nusu saa. Liingize buti likiwa limelala ubavu, magurudumu yakitazama ukutani, na usikubali liwe la chini kabisa. Dai kipande cha tiketi ya mzigo hata kama kondakta anakufahamu. Ukipanda njiani, kwa mfano Mnazi Mmoja ya Mingoyo, simamia mwenyewe linapowekwa.

Korosho za zawadi beba zilizobanguliwa, kwenye chombo cha kufunga. Zenye maganda zina mafuta makali yanayobabua ngozi na kuacha doa jeusi kwenye bitana. Doa likiingia, tumia maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, tena na tena. Petroli usiijaribu kwenye ganda la polikaboneti, litapasuka nyufa ndogondogo.

Kwenye ndege, piga picha nne za begi kabla ya kulikabidhi: mbele, nyuma, magurudumu, zipu. Zitakufaa hatua ya mwisho ya mwongozo huu. Pawabenki ibaki mkononi, na begi lenye betri yake litolewe betri. Pesa na dhahabu visikae kwenye begi la buti kabisa, kwa sababu zipu ya koili (ile ambayo meno yake ni uzi wa plastiki uliojizungusha kama springi) hufunguliwa kwa ncha ya kalamu na kurudishwa bila alama. Hata zile kufuli zenye alama ya almasi nyekundu, ambazo wakaguzi wa Marekani wana funguo zake, michoro ya funguo hizo ilisambaa mtandaoni mwaka 2015. Kufuli inazuia mkono wa haraka tu.

4. Kifurushi kidogo cha matengenezo

Kiweke kwenye mfuko wa ndani na kisitoke: vichwa viwili vya zipu vya namba ya begi lako, bolti mbili za chuma kisichoshika kutu zenye nati zake, bisibisi fupi, funguo ndogo ya pembe sita, sindano nene na uzi wa nailoni, kipande cha mshumaa, utepe mzito wa kubandika. Vyote havifiki nusu kilo. (Bisibisi na sindano zisafiri kwenye begi la chini ya ndege, usije ukanyang'anywa kwenye ukaguzi.)

5. Zipu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure, kwa sababu mtu akiona zipu inaachia nyuma anaambiwa ibadilishwe yote. Mara nyingi meno ni mazima. Kilichochoka ni kichwa: mdomo wake umepanuka, hauwezi tena kuyabana meno yakashikana.

Kuna fundi viatu mjini Mtwara ambaye napenda kumtazama akiifanya kazi hii. Ukimpelekea begi hakimbilii mkasi.

"Shikamoo, fundi. Zipu imekufa hii."

"Marahaba. Haijafa. Zipu nzima hii, kichwa ndicho kimechoka."

Anapitisha kidole gumba juu ya meno kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, akitafuta jino lililopinda au sehemu iliyoyeyuka. Akiridhika, anavuta kichwa hadi mwanzo kabisa wa zipu, anapuliza mchanga, anasugua meno kwa mswaki mkavu. Kisha anachukua plaizi, anaweka kipande cha ngozi kati ya plaizi na kichwa kisipate kovu, na anabana ule upande wa nyuma tu, pale meno yanapotoka yakiwa yameungana. Anabana kushoto kidogo, kulia kidogo. Anajaribu. Anarudia. Haminyi kwa nguvu moja, maana vichwa vingi ni aloi ya zinki na hupasuka ghafla. Zipu ikianza kushika, anapitisha mshumaa juu ya meno na kuifungua na kuifunga hadi iwe nyepesi.

Wewe mwenyewe unaweza kuifanya hivyohivyo nyumbani. Zingatia mambo haya:

– Mafuta ya kupikia au ya nazi usiyatumie. Yanakusanya vumbi, na vumbi ndilo lililokula kichwa cha kwanza. Nta ya mshumaa inatosha, au ncha ya penseli.

– Kichwa kikishabanwa mara mbili na bado kinaachia, kibadilishe. Fumua mshono wa mwisho wa zipu sentimita mbili hivi, toa kichwa cha zamani, ingiza kipya pande zote mbili zikiwa sawa, kisha shona tena kwa uzi wa nailoni na uweke kizuizi cha uzi mwishoni.

– Namba lazima ilingane, na aina pia. Herufi C baada ya namba huonyesha zipu ya koili. Kichwa cha meno ya chuma au ya plastiki nene hakiingii hapo hata namba ikiwa ileile.

– Jino likiwa limekatika katikati, hapo ndipo zipu nzima inabadilishwa. Kwa begi la nailoni, mpe fundi anayeshona turubai au viti vya gari, mwenye cherehani ya kazi nzito. Mwambie afuate matundu ya zamani.

6. Gurudumu

Badilisha yakiwa jozi, hata kama lililovunjika ni moja. Jipya na kuukuu havilingani kimo, na begi litavuta upande mmoja.

Anza kwa kufungua zipu ya bitana. Kama begi ni la magurudumu manne, mara nyingi utakuta skrubu tatu au nne zinazoshika nyumba yote ya gurudumu. Hapo unatoa nyumba nzima na kuweka nyingine ya aina hiyo. Piga picha kabla ya kutoa skrubu, kwa kuwa mara nyingi urefu wake hutofautiana, na ndefu ikiingia palipokuwa fupi inatoboa ganda.

Begi la magurudumu mawili kwa kawaida lina ekseli iliyopigwa kama ribiti. Pima vitu vitatu kwa rula au kalipa: kipenyo cha gurudumu, upana wake na unene wa ekseli. Ekseli nyingi ni mm 6, ila pima. Kama gurudumu limekwisha, pima nafasi iliyopo ndani ya nyumba yake pia, usije ukaleta kubwa likasugua. Beringi ya namba 608, ile inayopatikana kwenye viatu vya magurudumu, ina tundu la mm 8, kwa hiyo kwenye ekseli ya mm 6 inataka bushi katikati.

Magurudumu ya saizi yako ukiyakosa madukani Mtwara au Lindi, agiza Kariakoo yaje na basi kama kifurushi. Toa vipimo, tuma na picha yenye rula pembeni. Maneno "gurudumu la begi kubwa" hayatamsaidia aliyeko dukani.

Kazi yenyewe fundi baiskeli anaiweza vizuri. Anapenyeza jani la msumeno wa chuma kati ya gurudumu na nyumba yake. Mwombe aweke kipande cha bati kulinda plastiki. Ekseli ikikatika, gurudumu linatoka. Jipya likae, bolti ya chuma kisichoshika kutu ipite, na nati iwe ile yenye pete ya plastiki ndani, isiyolegea kwa mtikisiko. Kaza hadi mchezo uishe, kisha legeza robo mzunguko. Ukilizungusha kwa kidole linatakiwa lizunguke lenyewe mizunguko kadhaa. Gundi ya kufungia nati iepuke kama nyumba ya gurudumu ni polikaboneti. Aina nyingi huipasua.

7. Mpini na ganda

Mpini ukikwama, mara tisa kati ya kumi hauhitaji nyundo. Vuta ulipofika, elekeza chini, gonga kwa kiganja ili mchanga utoke, safisha mirija kwa mswaki na kitambaa chenye unyevu, ukaushe, kisha upulizie silikoni kidogo. Grisi usiitie. Kama kitufe kinabonyea lakini mpini haushuki, springi au waya wa ndani umeachia; fungua skrubu zilizo chini ya kishikio chenyewe. Mrija uliopinda haunyooki ukawa mzima tena. Utafutie mwingine wa urefu na upana ule.

Bonde kwenye polikaboneti, mimina maji ya moto (yasichemke) kwenye kitambaa, kiweke juu ya bonde dakika chache, kisha sukuma kutoka ndani kwa kiganja. Kwenye alumini sukuma kwa kipande cha mbao na nyundo ya mpira, kidogokidogo kuanzia pembezoni.

Ufa ni habari nyingine. Toboa tundu la mm 2 au 3 kwenye kila mwisho wa ufa ili usiendelee mbele, kisha weka kiraka ndani. Kwenye polikaboneti, kwaruza kwa msasa pande zote mbili kabla ya gundi ya epoksi. Polipropilini haishiki gundi za kawaida, kwa hiyo usipoteze pesa. Ipigwe kiraka cha alumini kwa ribiti, na pete bapa (washa) iwekwe upande wa ndani. Ribiti ziwe za alumini au chuma kisichoshika kutu. Fundi akikuletea za chuma cha kawaida zilizopakwa rangi ya fedha, zikatae. Chumvi ya huku itazimaliza.

8. Masika

Begi lisilosafiri lisifungiwe kwenye mfuko wa nailoni. Lifunike shuka la pamba, liache wazi kidogo, weka vile vifuko vya silika vya kunyonya unyevu au bakuli la mkaa ndani, na liinue kutoka sakafuni ili magurudumu yasibebe uzito muda wote. Kila mwezi lizungushe ndani ya nyumba, vuta mpini, fungua zipu zote. Ukiona ukungu, futa kwa siki iliyochanganywa na maji, anika kivulini penye upepo. Jua la saa sita linaimaliza nailoni.

9. Likivunjwa na shirika la ndege

Usitoke ukumbini. Hata kama ndege ya Mtwara imechelewa na gari linakungoja, nenda dirisha la mizigo ujaziwe fomu ya PIR, yaani taarifa ya mzigo ulioharibika au kupotea, na uondoke na namba yake. Kwa safari za kimataifa unalindwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania imo. Mkataba unakupa siku 7 tangu upokee begi kuandika malalamiko ya uharibifu, na siku 21 kwa mzigo uliochelewa. Siku zikipita, umepoteza haki yako. Ukomo wa fidia kwa abiria, tangu Desemba 28, 2024, ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha IMF. Hapo ni ukomo, na utalipwa kwa hasara unayoweza kuithibitisha.

Jambo linalowapita wengi: kama Guangzhou hadi Mtwara ilikatwa kama safari moja, kile kipande cha Dar–Mtwara nacho kinahesabika ndani ya safari ya kimataifa. Na yakiwa mashirika mawili, unaweza kudai kwa la kwanza, la mwisho, au lile lililokuwa na begi lilipoharibika. Wakikurusha huku na kule, waandikie wote.

Barua iwe fupi: namba ya tiketi, namba ya lebo ya mzigo, namba ya PIR, kilichovunjika, picha za kabla na baada, risiti ya begi, na makadirio ya fundi yenye jina, tarehe na saini. Fundi wa viatu naye anaweza kukuandikia makadirio hayo. Itume kwa barua pepe, kisha nakala moja ipeleke ofisini kwao, wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako.